Gitaa la Owino, Saksafoni ya Mwanetu

Mpenzi msomaji, kabla hujageuza ukurasa kutafuta chemshabongo, hebu nikuulize swali. Je, umewahi kujiuliza ni kwa nini bendi zetu za zamani za kando ya ziwa zilijiita Jazz ilhali nyingi hazikuwa na hata chombo kimoja cha kupuliza? Shirati Jazz, Victoria Jazz, na nyinginezo ambazo mzazi wako atakutajia bila kukuna kichwa. Ukizisikiliza utapata gitaa la kwanza, gitaa la pili, besi, ngoma, na sauti za wanaume wawili watatu. Saksafoni hakuna. Klarineti ndiyo hata usiulize.

Neno hilo lilitufikia kwa mzunguko mrefu. Dar es Salaam ilikuwa na Dar es Salaam Jazz Band tangu mwaka 1932. Huko Kongo, Joseph Kabasele alianzisha African Jazz mwaka 1953, na OK Jazz ikafuata mwaka 1956. Kwa masikio ya wakati huo, "jazz" haikuwa mtindo fulani wa muziki. Ilikuwa ni njia ya kutangaza kwamba hii ni bendi ya kisasa, wachezaji wamefunga tai, na ala zao zimetoka dukani. Ni kama vile leo kila kinyozi anavyobandika mlangoni neno "eksekyutivu" hata kama kiti chake kina miguu mitatu.

Marekani lilikotoka neno lenyewe, miaka ya 1930 na 1940 ilikuwa enzi ya swingi, muziki wa dansi wa bendi kubwa zilizojaa tarumbeta na saksafoni. Mara nyingi kiongozi wa bendi alikuwa mpulizaji. Benny Goodman alishika klarineti. Artie Shaw naye klarineti. Aliyeshika gitaa alikaa nyuma, akikwaruza mdundo, na wengi hata jina lake hawakulijua. Kwetu mambo yaligeuka juu chini: mwenye gitaa ndiye akawa bwana mkubwa, na mpulizaji hakuonekana kabisa.

Swali hili lisingenisumbua, msomaji, kama si mzozo ulioingia katika ukoo wetu.

Kaka yangu mkubwa anaishi Migori, ana duka la pembejeo, na ni mtu asiyependa kelele. Mwanawe wa pili alisomea shule ya bweni Homa Bay, na huko akajifunza saksafoni kwa mzee mmoja wa kanisa, mwalimu mstaafu aliyekuwa na chombo chake mwenyewe. Kijana alimaliza kidato cha nne akapata alama nzuri, akaitwa chuo kusomea uhasibu. Siku barua ilipofika, badala ya kushangilia, alimwambia baba yake kwamba yeye anataka kuwa mpiga saksafoni. Si kupiga Jumapili tu kanisani. Kuwa.

Kaka hakumpiga. Aliichukua saksafoni, akaifungia katika sanduku la bati chini ya kitanda chake, akatia ufunguo katika mfuko wa koti. Halafu akanipigia simu.

"Omera, wewe ndiye unayeandika habari za hawa watu gazetini. Njoo umweleze mtoto huyu walivyokufa."

Kwa desturi yetu mtoto wa kaka ni mtoto wangu, naye huniita baba mdogo, kwa hiyo sikuwa na njia ya kukwepa. Lakini nilipokuwa ndani ya basi, tukiipita Narok na kuanza kupanda kuelekea Kisii, sikuwafikiria walivyokufa. Nilikuwa nikiwafikiria akina baba wawili.

Wa kwanza aliishi Chicago. Jina lake David Goodman, Myahudi mhamiaji maskini aliyefanya kazi ya ushonaji, mwenye watoto kumi na wawili. Benny, aliyezaliwa mwaka 1909, alikuwa wa tisa. Mzee huyo alisikia kwamba sinagogi moja la mtaa lilikuwa likifundisha watoto muziki kwa ada ndogo na kuwaazima ala. Akawachukua wanawe watatu akawapeleka. Ala ziligawanywa kwa ukubwa wa mwili: waliokuwa wakubwa wakapewa vyombo vizito vya shaba, na Benny, aliyekuwa mdogo wa miaka kumi, akapewa kile kilichobaki chepesi, klarineti. Ndivyo alivyopatikana mtu ambaye baadaye dunia ilimwita Mfalme wa Swingi. Kisha akapelekwa kwa mwalimu Mjerumani, Franz Schoepp, aliyemfundisha misingi ya klarineti bila mzaha kwa muda wa miaka miwili hivi.

Baba huyo hakuona matunda. Mwaka 1926, Benny akiwa na umri wa miaka 17 na tayari analipwa na bendi, mzee aligongwa na gari barabarani akafa. Miaka 9 baadaye, tarehe 21 Agosti 1935, katika ukumbi wa Palomar mjini Los Angeles, vijana waliacha kucheza wakasonga mbele ya jukwaa kumtazama mwanawe. Wengi huihesabu siku hiyo kuwa ndiyo enzi ya swingi ilipoanza rasmi. Tarehe 16 Januari 1938 Goodman aliingiza muziki huo katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, mahali palipozoea muziki wa mabwana waliovaa makoti yenye mikia.

Baba wa pili aliishi karibu nasi zaidi. Ukifika Muhuru Bay, katika kaunti ya Migori, ukitazama kusini unatazama Tanzania, na kijiji cha Nyamagongo, upande wa kaskazini wa Shirati, hakiko mbali. Huko ndiko alikozaliwa Daniel Owino Misiani mwaka 1940. Shirati ni mji wa misheni. Wamenoni walifika hapo mwaka 1934. Wazazi wa Owino wote wawili walikuwa waimbaji, kwa hiyo utadhani kijana alikuwa na njia nyeupe. La hasha! Baba yake alikuwa mcha Mungu, na gitaa kwake lilikuwa chombo cha ulevi na uzururaji. Kijana alipopata gitaa, mzee aliliharibu.

Hebu mfikirie mtoto huyo, msomaji. Si mtoto wa nyumba isiyojua nyimbo. Ni mtoto wa waimbaji, anayevunjiwa gitaa na mwimbaji.

Owino alivuka mpaka akaja Kenya. Nimewasikia watu wakieleza safari hiyo kana kwamba ni kijana mkaidi tu aliyemtoroka baba yake. Mimi naona kulikuwa na zaidi. Tanzania ya miaka ile ilikuwa ikijenga taifa kwa lugha moja, na redio ya taifa ilirekodi na kupiga nyimbo za Kiswahili. Mwimbaji wa Kijaluo hakuwa na nafasi hewani. Tena viwanda na maduka ya santuri vilikuwa Nairobi. Mtu mwenye wimbo wa Kijaluo kifuani alikuwa na sababu ya kuelekea kaskazini, baba awe mkali au mpole.

Katikati ya miaka ya 1960 alikuwa na bendi yake na santuri zake za kwanza. Jina la bendi lilibadilika mara kadhaa: ilikuwa Shirati Luo Voice Jazz, ikaja kuwa D.O. 7 Shirati Jazz. Lakini neno Shirati halikung'oka. Mtu aliyekimbia kwao aliendelea kuliandika jina la kwao juu ya kila santuri kwa miaka 40. Nilipomwambia kaka jambo hili alinyamaza kidogo, halafu akasema labda ni biashara tu.

Tulikuwa tumekaa barazani kwake, samaki na kuon vimeshaliwa, kijana ameketi kando kwenye kigoda akijifanya anasoma simu. Mama mtu alikuwa jikoni lakini kijiko chake hakikusikika kikigonga sufuria, na hiyo ni dalili ya mtu anayesikiliza.

"Sasa mwambie," kaka akasema.

Nikaanza na muziki wenyewe, kwa sababu kijana wa siku hizi anamjua Owino Misiani kama jina la wazee tu. Nikamweleza kwamba gitaa la benga halikuiga gitaa la Mzungu. Liliiga nyatiti. Mpiga nyatiti wa Kijaluo huketi chini kwenye kigoda, nyuzi nane mbele yake, pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu ikigonga ubao, njuga mguuni, na mdomo ukiimba. Mtu mmoja huyo ni bendi nzima. Wapigaji wa benga wakayachukua mambo hayo wakayagawanya: gitaa la kwanza likachukua nyuzi zinazokimbia, besi ikachukua zile nzito zinazorukaruka, ngoma zikachukua pete na njuga. Ndiyo maana besi ya benga haitulii. Na ndiyo maana katikati ya wimbo sauti hunyamaza, gitaa likapanda peke yake na watu wote wakainuka vitini.

Nani aliyeanza? Hapo ugomvi haujaisha hadi leo. Wako wanaomtaja John Ogara, wako wanaomtaja Nelson Ochieng' Orwa, wako wanaomtaja George Ramogi. Owino mwenyewe aliitwa babu wa benga. Mimi nadhani muziki kama huo hauna mwanzilishi mmoja, ila una mtu mmoja aliyeung'ang'ania kuliko wote, na huyo ni Owino.

"Kwa hiyo saksafoni haikutakiwa?" kijana akauliza. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza jioni hiyo.

Nikamjibu kwamba haikukataliwa, bali haikuwa na wa kuinunua. Angalia bendi za Tanzania: NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, baadaye ikawa mikononi mwa shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam. Shirika lilinunua ala na kuwalipa wanamuziki mshahara, na ukisikiliza nyimbo zao utasikia mabomba yakilia sawasawa. Bendi za benga hazikuwa na shirika. Zilikuwa mali ya mtu mmoja mwenye gitaa, zikizunguka kutoka baa ya Awendo hadi ya Rongo hadi ya Oyugis, watu watano ndani ya gari moja pamoja na spika. Gitaa unaweza kuanza nalo la ubao na waya za breki ukiwa mchungaji wa ng'ombe. Saksafoni huwezi kuichonga. Tena kila mpulizaji unayemwongeza ni sahani moja zaidi ya ugali na mgawo mmoja mdogo zaidi wa pesa.

Si kwamba wazee wetu hawakujua kupuliza. Wajaluo walikuwa na abu, tarumbeta ya kibuyu, na oporo ya pembe, na filimbi za wachungaji. Lakini vyombo hivyo vilibaki vya sherehe na vita, havikuingia baa. Na alikuwako mmoja wa nyumbani aliyejaribu kuleta mabomba: Ochieng' Kabaselleh na bendi yake ya Luna Kidi. Ukimsikiliza utasikia benga imevaa suti ya Kikongo, gitaa lake limetulia na pumzi za shaba zinajibu. Hata jina lake la kisanii linakupeleka moja kwa moja kwa Kabasele wa African Jazz.

"Huyo Kabaselleh alifungwa," kaka akadakia.

Ni kweli. Alikaa gerezani miaka kadhaa kwa madai ya uchochezi, akarudi kwenye muziki mwanzoni mwa miaka ya 1990, akazuru Marekani mwaka 1997, akafariki mwaka 1998.

"Na Owino?"

Owino naye aliwahi kukamatwa kwa ajili ya nyimbo zake. Alikuwa akiimba siasa kwa mafumbo, mara visa vya Biblia, mara hadithi za wanyama, na watu walikuwa wakikaa baa wakibishana fisi ni waziri gani. Wimbo wake Bim en Bim, yaani nyani ni nyani, ulitoka baada ya uchaguzi wa mwaka 2002, na hakuna aliyedhani kwamba alikuwa akiimba habari za mbuga. Ukumbuke kwamba alizaliwa ng'ambo ya mpaka. Mkenya akiudhi serikali hutishiwa jela. Aliyezaliwa ng'ambo hutishiwa jela na safari.

Kaka alijinyoosha kitini kama wakili aliyepata alichokuwa akikitafuta. "Haya. Sasa mwambie mtoto huyu: mtu aliyepiga muziki miaka 40, sauti yake ikafika Ulaya, alikufa vipi?"

Msomaji, kaka yangu si mjinga, na hoja yake ilinibana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Shirati Jazz ilizuru Uingereza, na mwaka 1989 santuri yao Benga Blast! ikatoka London. Kabla ya hapo, muziki wa benga ulikuwa umeshafika kusini mwa Afrika. Mfanyabiashara wa santuri Phares Oluoch Kanindo alizisambaza hadi Zimbabwe, na huko watu wakauita muziki wenyewe "kanindo". Fikiria hilo! Si Owino, si Ochieng', si Collela Mazee. Muziki ukapewa jina la muuzaji. Na Owino alifariki tarehe 17 Mei 2006, katika ajali ya barabarani mjini Kisumu, akiwa na umri wa miaka 66 na bado yumo kazini. Mwalimu wa umri huo angekuwa anapokea pensheni na kulisha kuku.

"Umesikia?" kaka akamwambia mwanawe. "Na hao ni wale waliofaulu. Wale wengine tuliwazika sisi. Pombe, disko matanga, na ule ugonjwa."

Kijana hakujibu. Jikoni nako kimya.

Nikasema, si kwa ushindani bali kwa kuwa lilinijia: kuna mtu mwingine katika habari za Goodman ambaye ningependa kumtaja. Nyimbo zilizowainua watu pale Palomar, zile kali, Goodman hakuzipanga yeye. Nyingi zilipangwa na Fletcher Henderson, mtu mweusi kutoka jimbo la Georgia, aliyekuwa na bendi yake nzuri ila hakuwa na njia za kuingilia pale Goodman alipoingia. Goodman alimlipa na alimtaja, hakumwibia. Lakini taji la ufalme lilivikwa kichwa kimoja. Sasa huyu Henderson alipotoka kwao mwaka 1920 kwenda New York hakwenda kutafuta muziki. Alikuwa na shahada ya kemia kutoka Chuo Kikuu cha Atlanta, na alikusudia kuendelea na kemia. Kazi ya kemia kwa mtu mweusi haikupatikana kwa urahisi, piano ikamlisha.

Kaka alinitazama kwa muda mrefu. "Kwa hiyo shahada haikumsaidia."

"Haikumzuia pia," nikasema.

"Baba mdogo, mnaniongelea kama maiti," kijana akasema, na mama yake akaangua kicheko huko jikoni, kicheko kile cha mtu aliyejizuia mno. Hata kaka alitabasamu, ingawa alijifanya anakuna ndevu.

Hatukumaliza jambo usiku huo. Lakini lilibaki suala moja lisiloweza kungoja: saksafoni haikuwa ya kijana. Ilikuwa mali ya yule mzee wa Homa Bay, na kuifungia mali ya mtu sandukuni ni jambo ambalo hata kaka alijua haliwezi kutetewa mbele ya wazee. Asubuhi akanipa chombo kikiwa katika mfuko wake, akasema nikakirudishe. Kijana akaja nami. Tulipanda matatu hadi Rongo, tukabadilisha, tukaingia barabara ya Rodi Kopany, mfuko ukiwa mapajani mwake njia nzima kama mtoto mchanga.

Mzee anaishi upande ule unaoiona Got Asego, kile kilima chenye ncha kinachosimama juu ya mji wa Homa Bay kama kofia. Alitukaribisha chai, hakuuliza kwa nini tumekuja na uso wa matanga. Alifungua mfuko, akakagua vifuniko vidogo vya tundu kimoja kimoja kwa kidole, akasikitika.

"Ngozi hizi zikikaa bila kupulizwa hukauka, jaduong'," akaniambia, ingawa mimi si mzee wa kuitwa hivyo. Akanionyesha kijiti kile chembamba cha mwanzi kinachofungwa mdomoni mwa chombo. Nilikuwa sijui kwamba saksafoni, pamoja na kuwa ya shaba tupu, huhesabiwa katika jamii ya ala za mbao pamoja na klarineti na zumari, kwa sababu kinacholia kwanza si shaba, ni ule mwanzi. Ukipasuka, chombo kizima ni bomba la maji. Na mianzi hiyo hupasuka, huchakaa, hununuliwa tena na tena.

Nikamuuliza waziwazi: je, mtoto huyu anaweza? Mzee alinywa chai yake hadi chini.

"Ana sikio. Pumzi bado. Na hajui kusoma nota vizuri, anabahatisha." Akamgeukia kijana. "Mimi nilifundisha hesabu miaka thelathini na mitatu. Jumamosi napuliza. Sikuwahi kuona kimoja kikimwonea mwenzake wivu. Lakini mimi si wewe. Ukitaka kupuliza peke yake, uwe na pumzi ya kupuliza na njaa. Unayo?"

Kijana alisema hajui. Nilimpenda kwa jibu hilo. Wengi wa umri wake wangesema ndiyo kwa sauti kubwa.

Kisha mzee akamwambia apige kitu. Kijana aliloweka mwanzi mdomoni, akaufunga, akasimama karibu na dirisha. Hakupiga wimbo wa kanisa, hakupiga swingi. Alichukua gitaa la kwanza la benga, zile nyuzi zinazokimbia kama mvua juu ya mabati, akalipuliza. Msomaji, sijui nikueleze vipi. Mahali ambapo gitaa hudondoa, pumzi ilikuwa ikiteleza, na katikati alikosa hewa akarukia sehemu nyingine, ukamsikia akihangaika. Haikuwa safi. Lakini ilikuwa nyatiti, ndani ya shaba. Watoto wawili wa jirani walikuja wakasimama mlangoni. Mzee alikuwa amefumba macho, na kidole gumba cha mguu wake kilikuwa kikigonga sakafu.

Alipomaliza, mzee alisema jambo moja tu: "Umekimbia sana mwanzoni. Owino hakuwa akikimbia mwanzoni."

Mapatano yalifanyika kwa simu, kaka akiwa dukani na wateja wake. Kijana aingie chuoni muhula unaofungua. Saksafoni ibaki kwa mwenyewe, Homa Bay, na kijana awe akija kila Jumamosi kwa nauli yake mwenyewe atakayoitafuta. Baada ya mwaka mmoja tukae tena barazani, tuangalie matokeo ya mitihani na tusikilize chombo, vyote viwili. Mama mtu akaomba simu, akasema hilo la nauli aachiwe yeye na kuku wake. Kaka hakusema ndiyo. Alisema, "Nimesikia," na kwa wanaomjua hiyo ni nusu ya njia, pengine zaidi kidogo.

Nililala Homa Bay usiku huo, na asubuhi nikiwa stendi nikingoja gari la Nairobi simu ikalia. Kaka. Alianza na mambo ya mvua, akaja kwenye bei ya mbolea, akauliza kama basi limejaa. Nilijua bado hajafika.

"Omera," akasema mwishowe, "kile kijiti cha mwanzi ulichosema hupasuka. Huuzwa wapi, na ni shilingi ngapi?"